Chujio na Makro za Mkongwe

Kazini walimwita Chujio, na jina alilipata kwa haki. Mtu akimpelekea programu aikague, hata iwe mistari mitatu, haikupita kwake bila kuacha makapi. Wenzake walisema kwamba hata maji ya kunywa huyainua kwanza kwenye mwanga ayatazame, na huo haukuwa utani sana, maana alifanya hivyo kweli. Si kwamba alikuwa mwanamke mkali. Alikuwa tu mtu asiyeweza kuona uzi unaning'inia akaupita.

Tabia hiyo hakuiokota barabarani. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na tangu miguu ilipomkatalia alishonea cherehani cha mkono, mkono mmoja ukizungusha gurudumu, mwingine ukisukuma kitambaa. Akimaliza nguo huigeuza ndani nje, akaipitia mishono upande ambao mteja hautazami. Mteja huvaa nje, alikuwa akisema, lakini nguo huanza kuchanika ndani. Chujio alikua akiokota pini chini ya meza ile, na alipokwenda kusomea kompyuta, macho aliyokwenda nayo yalikuwa yale yale.

Kampuni iliyomwajiri ilitengeneza vibao vya kuendeshea lifti. Si lifti yenyewe, wala waya zake nene, bali ubongo wake: kibao cha kijani kisichozidi ukubwa wa daftari, kinachokaa ndani ya sanduku la bati juu ya jengo, kikiamua lini mota izunguke, lini breki ishike na lini mlango ufunguke. Programu ya humo haina picha wala rangi. Inazungumza na vyuma uso kwa uso, na ikikosea, hakuna maandishi ya kukuomba radhi ujaribu tena. Kitu kizito husimama mahali kisipotakiwa, basi.

Programu hiyo iliandikwa na mtu mmoja, ambaye ofisi nzima ilimwita Mkongwe. Aliiandika ujanani, peke yake, kompyuta zikiwa nzito na nafasi yake ikiwa finyu, na aliijaza makro. Makro, kwa asiyejua, ni ufupisho. Mwandishi anachoka kurudia maneno yale yale kila mahali, anayapa jina. Kisha kompyuta, kabla haijaanza kazi yoyote, inapita kwenye maandishi, na kila inapokuta jina lile inalifuta na kuyabandika yale maneno kamili. Haiulizi wala haifikiri, ni kasuku tu. Ukiipa nambari, hakuna neno. Lakini ukiipa agizo, tuseme "kachungulie maji mtungini", na ndani ya makro agizo hilo limetajwa mara mbili, basi uliyemtuma atakwenda mtungini mara mbili, nawe umekaa ukidhani amekwenda mara moja.

Funksheni ni mtu mzima. Inapokea agizo, inatuma mara moja, inalishika jibu mkononi, ndipo inapiga hesabu. Wakati wa Mkongwe watu walizikwepa kwa sababu kuziita na kuzisubiri kulikula muda, na lifti haina subira. Siku hizi ziko funksheni za papo hapo, ambazo kompyuta huzitandika pale pale zinapotajwa, bila safari ya kwenda na kurudi. Wepesi ni ule ule wa makro, na akili juu. Kwa Chujio, kubaki na makro wakati hizi zipo kulikuwa sawa na kufunga suruali kwa kamba na mkanda umetundikwa ukutani.

Alilisema hilo, tena si chumbani na Mkongwe, bali kikaoni, mbele ya meneja na watu wote. Alisema ile haikuwa programu, ilikuwa viraka juu ya viraka. Mkongwe alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Siku ya kuagwa aliwapa mkono wote, na alipofika kwa Chujio alimwambia kwamba akifumua, afumue polepole. Chujio akaitikia ndiyo mzee, na moyoni akasema huyu bado ana kinyongo.

Haya, mzee akaondoka, na Chujio akapewa alichokuwa akikililia. Tusimwonee: alifanya kazi safi. Alizitoa makro moja moja, kila moja akaweka funksheni mahali pake, akaijaribu, ndipo akaenda nyingine. Kwenye chumba cha majaribio kulikuwa na lifti ya mfano, sanduku lisilo na kuta linalopanda na kushuka kwenye nguzo mbili, na kando yake kifaa cha kurekodi kinachoandika kila hatua ya safari. Sanduku lilisimama kwenye alama kila mara, huwezi kupitisha hata kadi ya simu katikati. Meneja alikuja, akalitazama likipanda na kushuka, akasema kilichobaki ni jengo la kweli, lenye watu.

Chujio hakusubiri. Alisema lifti ya jengo analoishi inatumia vibao vya kampuni, na waanze na hiyo hiyo. Alikuwa na maana yake: nani atasema siiamini kazi yangu, na mama yangu mzazi ndiye atakayepanda? Alikaa na mama yake ghorofa ya sita, wawili tu. Kaka yake alikuwa mbali, msaada wake ukiwa salamu. Kila asubuhi mama alishuka na lifti hadi chini, kwenye kibaraza ambako cherehani chake kilikaa, na mchana jengo likitulia alipanda kupumzika. Kwa mwanamke asiyekanyaga ngazi, lifti ile ndiyo iliyokuwa miguu. Jioni Chujio alimpa habari wakinywa chai, kwamba imeshapangwa, wiki hiyo hiyo lifti itapata programu mpya. Mama akauliza nani ameiandika. Alipojibiwa, akasema haya, kama umeshona wewe, nami nitavaa.

Siku za mwanzo zilipita vizuri. Chujio alitembea na kichwa juu, na nisiseme uongo, alikuwa na haki.

Mama alikuwa na namna yake ya kutoka kwenye lifti. Aliingia na kiti chake cha magurudumu uso mbele na kutoka kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, bila kutazama nyuma, kwa kuwa sakafu ile aliijua kama anavyojua meza yake. Mchana mmoja alipanda peke yake, mapajani ana kitambaa cha mteja. Mlango ulifunguka ghorofa ya sita, akajisukuma nyuma. Sakafu ya lifti ilikuwa imesimama juu ya sakafu ya ukumbi kwa kimo cha vidole vinne. Magurudumu yalidondoka, kiti kikapinduka, naye akaanguka chali ukumbini akitazama taa. Majirani walitoka wakamwinua. Hakuvunjika, lakini kiwiko cha mkono ule wa kuzungushia cherehani kilivimba, na Chujio aliporudi alimkuta amelazwa kitandani.

Hata hapo hakugomba. Angegomba, Chujio angejua pa kushika. Alisema tu kwamba yeye na lifti basi. Kitambaa kile alikirudisha kwa mkono wa jirani, bila kukishona.

Kampuni iliitoa programu mpya siku ile ile na kurudisha ya Mkongwe. Fundi wa lifti, bwana mpole mwenye funguo nyingi kiunoni, alipanda na kushuka na rula mkononi akathibitisha kwamba sasa inasimama sawasawa. Meneja naye hakupiga kelele. Alisema makro zibaki, kazi ya Chujio iwekwe kando, na maisha yaendelee. Ofisini wakaanza kunong'ona. Mzee alijua, walisema. Zile makro alizipanga hivyo kwa hekima, na chujio letu limemwaga chai likabaki na majani.

Hayo yalimuuma, lakini si hayo yaliyomnyima usingizi. Kiwiko cha mama kilipona, na mama bado alikuwa dirishani. Asubuhi Chujio alimwacha pale akitazama chini, kibarazani, ambako cherehani kilikuwa kimefunikwa turubai, na jioni alimkuta pale pale. Wateja walipiga simu mwanzoni, kisha wakapungua, kama kawaida ya wateja. Chujio alipomwambia kwamba lifti imerudishwa kama zamani na haina neno, mama alijibu kwamba hata siku ile ilikuwa haina neno. Ni kweli. Atamwambiaje mtu kwamba kitu kimepona, na yeye mwenyewe hajui kiliugua nini?

Akairudia funksheni yake. Aliisoma akiwa kazini, akaisoma akiwa jikoni. Kazi yake ilikuwa ndogo: kupokea kipimo cha mahali lifti ilipo, kukilinganisha na alama ya ghorofa, na kutoa kilicho kikubwa kati ya viwili. Haikuwa na kosa. Aliigeuza ndani nje kama nguo ya mteja, na mishono yote ilikuwa imeshika. Mwishowe akameza mate machungu, akachapa kurasa mbili, moja ya makro na moja ya funksheni, akaenda kwa Mkongwe.

Alimkuta nyumbani kwake, mlangoni, amefungua pasi ya umeme vipande vipande juu ya gazeti, na mkewe akilalamika kutoka ndani kwamba pasi hiyo ilikuwa nzima kabla mzee hajastaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kufumua na pasi?"

Chujio alicheka kidogo, maana alistahili. Akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na mama kulala chali ukumbini, na hapo Mkongwe akajifanya anatafuta skrubu. Alipomaliza alimwambia kwamba ofisini wote wanasema yeye mzee alikuwa ameficha hekima mle ndani, na kama ni hivyo, amfundishe. Mkongwe alichukua kurasa zile, akazisogeza mbali na macho, akazisoma kwa muda mrefu. Kisha akasema haoni kitu. Funksheni ni nzuri kuliko makro yake, na angekuwa nayo zama zile angeitumia.

"Lakini yako inafanya kazi," Chujio alisema. "Kosa lake ni lile lile nililolisema kikaoni. Kipimo umekitaja mara mbili, mara ya kulinganisha na mara ya kutoa jibu. Kwa hiyo kila mara inakwenda kukiuliza kihisi mara..."

Mkongwe akaweka bisibisi juu ya gazeti.

Wote wawili walikuwa wamekumbuka kitu kimoja. Kihisi kinachopima mahali lifti ilipo kilikuwa kifaa cha kawaida chenye desturi yake. Ukikiuliza tuko wapi, kinakupa jibu lililokuwa limekaa humo tangu swali lililopita, kisha ndiyo kinapima upya na kuliweka jibu jipya limsubiri atakayeuliza baadaye. Ukikiuliza mara moja unapewa kiporo. Ukikiuliza mara mbili, lile la pili ndilo la sasa. Makro ya Mkongwe, kwa ukasuku wake, ilikuwa ikiuliza mara mbili kila lifti ilipokuwa ikisimama, na jibu ililoondoka nalo ni la pili. Funksheni ya Chujio, kwa adabu zake, iliuliza mara moja, ikashika jibu la zamani, ikaiacha lifti ipite. Na chumba cha majaribio kilidanganya kwa sababu kile kifaa cha kurekodi nacho kilikuwa kikikiuliza kihisi bila kukoma, hivyo kiporo hakikupata nafasi ya kulala. Jengoni, watu wakiwa wengi na vitufe vikibonyezwa kila ghorofa, kihisi nacho kiliulizwa kila mara. Ili kosa lionekane, ilihitaji mchana mtulivu kupita kawaida na abiria mmoja.

Mkongwe alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, kama siku ile ya kikao.

"Sikujua, binti yangu," alisema. "Wakikwambia nilijua, waambie mwenyewe amekana. Nilikosea mimi, kihisi nacho kina kasoro yake, makosa mawili yakaegemeana yakasimama miaka yote hiyo. Wewe umeondoa moja."

Chujio alisema kwamba siku ile kikaoni alimvunjia heshima, na kwamba amekuwa akiona haya tangu zamani, hata kabla ya mama kuanguka. Mkongwe akajibu kwamba alichosema kilikuwa kweli, ila alikisemea pabaya. Kisha akamwomba amshikie kebo ya pasi, na mkewe akaleta chai, akauliza kama hawa wawili sasa wanaivunja pasi kwa ushirika.

Kesho yake Chujio alizima kifaa cha kurekodi kwenye chumba cha majaribio, akaita meneja, akaendesha sanduku kwa funksheni yake ile ya kwanza. Likapitiliza alama kwa vidole vinne, meneja akiwa amesimama pale pale. Kisha akaweka funksheni mpya. Hii ilikiuliza kihisi mara mbili waziwazi, ikalitupa jibu la kwanza, na juu yake Chujio alikuwa ameandika kwa maneno ya kawaida kwa nini, ili mtu mwingine mwenye mkono wa usafi asije akaona swali la kwanza halina kazi akalifuta. Sanduku likasimama kwenye alama. Alieleza pia kwamba haikuwa hekima ya Mkongwe wala uzembe wake, na kwamba makro ikirudishwa tu, siku moja atakuja Chujio mwingine. Meneja akakubali. Fundi wa lifti aliipeleka jengoni, akapandisha na kushusha magunia ya mchanga mchana kutwa, akapima kwa rula, akaridhika.

Jioni ile Chujio alimsimulia mama yake. Alitegemea angechoka katikati, lakini mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza tu hicho kifaa kinachotoa majibu ya jana kinauzwa bei gani, na nani anakinunua. Kisha akageukia dirisha.

Siku ya pili yake Chujio aliomba ruhusa akarudi mchana, saa ambayo jengo hutulia. Alimhamishia mama kwenye kiti cha jikoni, karibu na mlango, akauacha wazi hadi ukumbini. Akakaa yeye kwenye kiti cha magurudumu. Alishuka na lifti peke yake, akapanda, mlango ukafunguka, akatoka kinyumenyume bila kutazama nyuma. Magurudumu yalivuka bila hata kugonga. Akaingia tena, akashuka, akapanda, akatoka. Jirani mmoja alichungulia, akaona mtu mzima mwenye miguu yake miwili akichezea kiti cha mlemavu, akafunga mlango wake taratibu.

"Umemaliza na kiti changu?" mama aliuliza.

"Nimemaliza, mama. Umeona mwenyewe. Sasa iko sawa."

"Nimeona." Mama alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Hicho kihisi chenu umejifunza kukiuliza mara mbili. Mzee wa watu umemfuata hadi kwake ukamuuliza. Mimi uliyeniweka ndani ya hilo sanduku, hukuniuliza hata mara moja. Uliniarifu."

Chujio alibaki amekaa kwenye kile kiti. Alitaka kusema kwamba mama alikubali, alisema atavaa; lakini alikumbuka chai ile, na maneno yake mwenyewe kwamba imeshapangwa, na aliona kwamba mama alikuwa amekubali kitu ambacho hakuna aliyemwachia nafasi ya kukikataa. Machozi yalimjaa naye hakuyaficha. Akainuka, akakisukuma kiti hadi mlangoni, akachuchumaa mbele ya mama yake ili wawe sawa.

"Nisamehe, mama. Utakubali kupanda?"

"Hapana," mama alisema.

Alilisema upesi, kabla swali halijaisha vizuri. Chujio hakubishana wala hakuinuka. Alikaa vilevile amechuchumaa, mkono kwenye gurudumu, hadi miguu ikaanza kufa ganzi. Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi. Kisha akauliza tena, kwa maneno yale yale.

Mama alitazama lifti. Akatazama kiwiko chake, akakinyoosha, akakikunja. Alinyoosha mkono mezani, akachukua mkasi na futi ya kupimia, akavilaza mapajani.

"Nisogezee kiti," alisema. "Na uushike huo mlango."